Waya wa Antena Unapovuja

Hotuba kwa mafundi wa runinga na wenye nyumba wa Mtwara-Mikindani

Mwenyekiti wetu wa mtaa, mafundi wenzetu, kina mama na kina baba, na vijana mliokuja na koleo mifukoni: asalaam alaikum, na habari za asubuhi.

Ombi letu leo ni moja. Kabla hujanunua busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, fungua viungo vya waya wa antena uvitazame.

Malalamiko yanafanana, iwe Chikongola, Ligula au Mikindani. Mtu akipokea simu karibu na runinga, picha inakatika mrabamraba. Chaneli tatu hazishiki kabisa ilhali nyingine ziko safi. Mchana inashika, jioni watu wakirudi nyumbani inaanza kuganda. Fundi akiitwa, jibu la haraka ni kwamba mawimbi ni hafifu, kanunue busta. Inanunuliwa, inafungwa, na picha inazidi kuharibika. Sasa hata zile chaneli zilizokuwa nzima zimekwenda. Hapo mwenye nyumba anaambiwa antena ndiyo mbovu, na pesa nyingine inatoka. Inatuuma, kwa sababu mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwenye kiungo kimoja cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa solotepu nyeusi, na dawa yake ni konekta mbili, yaani vichwa vya chuma vya mwisho wa waya, na robo saa ya kazi.

Chukua kipande cha waya wa RG6, ile aina ya waya wa antena na dishi, ukikate kwa wembe, utazame pale ulipokata kama unavyotazama nazi iliyopasuliwa. Katikati kuna uti wa milimita moja, wa shaba tupu au wa chuma kilichovikwa shaba. Umezungukwa na povu jeupe. Juu ya povu imelazwa karatasi ya alumini, juu yake wavu wa nyuzi nyembamba zilizosukwa, halafu ganda la plastiki. Kwenye nazi tunafuata nyama, kifuu tunakitupa jaani. Kwenye waya huu karatasi na wavu ndiyo kifuu, na bila kifuu hicho uti haufai kitu.

Mawimbi ya runinga hayapiti ndani ya uti kama maji bombani. Yanasafiri kwenye lile povu, baina ya uti na uso wa ndani wa karatasi. Umeme wa masafa ya juu hukaa kwenye ngozi ya chuma, hauzami. Kwa hiyo kifuu kimoja kina nyuso mbili zisizojuana. Uso wa ndani umebeba mambo ya antena yako. Uso wa nje umebeba mambo ya watu: minara ya simu, redio za FM, taa za bei nafuu zenye kelele, pikipiki inayopita. Maadamu kifuu kimelizunguka povu bila ufa, nyuso hizo hazikutani. Pakiachwa pengo, hata la urefu wa ukucha, zinakutana hapo: ya ndani yanatoka na ya nje yanaingia, mlango uleule. Fundi anayetafuta kelele inapoingia basi anatafuta palepale panapovujia.

Uzuri wa kifuu hupimwa kwa desibeli. Viwango vya Ulaya vimezipanga nyaya hizi kwa madaraja: daraja A ni angalau desibeli 85 kati ya megahezi 30 na 1000, na A+ ni 95. Desibeli 85 maana yake, katika sehemu milioni 300 hivi za nguvu, inayopenya ni moja tu. Kifuu kikishuka hadi desibeli 40, inapenya moja katika kila elfu kumi. Dukani waya mbaya unaonekana kwa macho. Nyuzi za wavu ni chache kiasi cha kuhesabika, au karatasi ya alumini haikukutana ukingo kwa ukingo na povu linachungulia. Mwombe muuza duka akumenyee sentimita mbili mbele yako kabla hujatoa pesa. Akikataa, nenda duka la pili.

Sasa tuone anayeingia ni nani. Runinga ya kidijitali inayopokewa kwa antena ya kawaida hutumia masafa ya megahezi 470 hadi 694. Majirani zake wa karibu ni simu, kwenye 700, 800 na 900. Mnara wa runinga uko kilomita kadhaa. Simu iko mkononi, nusu mita kutoka kwenye waya, na ile ya 2G kwenye 900 inaweza kurusha hadi wati 2 kwa kila mpigo. Kwa king'amuzi ni sawa na mtu anayesikiliza mnong'ono huku jirani yake anapiga msondo.

Wenye madishi habari yao ni tofauti kidogo. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, hushusha mawimbi ya setilaiti mpaka kati ya megahezi 950 na 2150, ndipo yateremke kwenye waya. Ndani ya eneo hilo zimo simu za 1800 na 2100. Zikipenya, zinaangukia chaneli zilizopangwa penye masafa yaleyale na kuziacha nyingine salama. Kwa hiyo ukiona chaneli fulani tu ndizo zinazopotea, mvua hainyeshi na dishi halijasogea, usipande juu ya bati kugeuza dishi. Anza na waya. Waifai inayolaumiwa kila siku iko 2400 na kuendelea, nje ya eneo hilo. Mara nyingi inaonewa bure.

Kuhusu kinachotoka, lazima tuseme kwa haki: antena isiyo na busta, inayolisha runinga moja, karibu haina cha kumdhuru mtu. Hatari inaanzia penye nguvu, yaani busta, mfumo wa gesti unaolisha vyumba ishirini, kibanda umiza chenye runinga nne, na kebo za mtaani.

Busta hulia. Mnajua kinachotokea harusini maikrofoni ikisogezwa mbele ya spika: sauti inatoka, inarudi, inakuzwa, inatoka tena, mpaka watu wanaziba masikio. Busta yenye ukuzaji wa desibeli 30, waya wake wa kutokea ukivuja na kurudisha kwenye antena zaidi ya sehemu moja katika elfu ya nguvu yake, inaweza kuanza kulia vivyo hivyo, ila kwa masafa ambayo sikio halisikii. Toka hapo si kifaa cha kupokea tena. Imekuwa redio ndogo ya kurusha, na masafa yake yanahama kadiri jua linavyoipasha juu ya paa.

Nasi hapa Mtwara tunaishi na wengine angani. Ndege zinazotua uwanja wetu huzungumza na waongozaji kwenye megahezi 118 hadi 137, na chini yake, kuanzia 108, kuna masafa ya vifaa vya kuzielekeza. 121.5 ni ya dharura. Baharini, chaneli 16, ile ya redio ya kuitana na kuomba msaada, ni megahezi 156.8, meli hujitambulisha kwa 161.975 na 162.025, na kifaa cha kuomba msaada chombo kikizama hurusha kwenye 406. GPS iko 1575.42. Shangani imetazamana na maji ambayo meli hupitia kuingia bandarini, na angani hakuna ukuta. Mwaka 2001, katika bandari ya Moss Landing huko California, Marekani, GPS ilivurugika. Waliofuatilia walikuta chanzo ni antena za runinga zenye busta zilizofungwa kwenye mashua. Mwaka 2004, mjini Corvallis, Oregon, setilaiti zilinasa ishara ya hatari kwenye 121.5. Waokoaji walipoifuata ikawafikisha mlangoni mwa mwanafunzi, na kilichokuwa kikirusha ni runinga yake. Ile ilikuwa runinga yenyewe, si waya, lakini inaonyesha nguvu ndogo kiasi gani inatosha kufika kwenye setilaiti. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilikuja karibu na pwani yetu kabla ya kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, upande wa pili wa Mto Ruvuma. Siku kama zile nahodha aliye majini anahitaji kusikia chaneli 16 bila kelele ya busta ya mtu.

Turudi kwenye kiungo, maana hapo ndipo penye kazi. Nyaya mbili zinamenywa, uti unasokotwa na uti, unazungushiwa solotepu. Kisha wavu unakusanywa pembeni kama mkia wa panya, unasokotwa na mwenzake, solotepu tena. Picha inakuja na mwenye nyumba anafurahi. Lakini pale pana sentimita tatu au nne ambazo uti uko uchi bila kifuu, na ule mkia wa wavu umekuwa antena. Zile omu 75 (kipimo cha ukinzani) ambazo waya, king'amuzi na antena vimepatanishwa nazo zimevunjika vilevile, na sehemu ya mawimbi inagonga hapo na kurudi juu ilikotoka.

Halafu iingie hewa ya chumvi. Waya mweupe wa plastiki laini, ukipigwa jua juu ya bati miaka michache, ganda linapasuka. Mweusi wa kutumika nje unavumilia zaidi. Maji yakipata tundu la sindano, wavu huyanyonya kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta ya taa, na yanaweza kusafiri mita kadhaa ndani ya waya. Alumini na shaba zikilowa chumvi pamoja hulana. Ukimenya ukakuta unga mweupe, hiyo ni alumini inayokwisha. Kijani ni shaba. Mahali ambapo chuma na chuma vimetenganishwa na kutu hufanya kazi kama dayodi, mlango wa umeme wa upande mmoja: mawimbi makali ya FM, yale ya 87.5 hadi 108, yanachanganyika hapo na kuzaa masafa mapya ambayo hakuna kituo kilichoyarusha. Kwa nyumba za ufukweni tunashauri viungo vya nje vikaguliwe kila Oktoba, korosho zikianza kuanguka, kabla mvua za Novemba na Desemba hazijafika.

Jinsi ya kufunga konekta. Chomoa king'amuzi na busta ukutani kwanza, usiishie kuzima kwa rimoti. Waya wa dishi una volti 13 au 18, na waya wa busta ya juu kwa kawaida una 5 au 12. Uti ukigusana na wavu wakati umeme upo, unaweza kuunguza kifaa kinachoutoa. Kata waya, urudi nyuma mpaka uone shaba inayong'aa na povu kavu. Ikiwa ni sentimita kumi, kata kumi. Ikiwa ni mita nzima, usiuonee huruma. Menya ganda la nje milimita 14 bila kugusa nyuzi za wavu. Zikunje zote kuelekea nyuma juu ya ganda, uzichanue zizunguke sawasawa. Usipunguze hata moja, wala isibaki moja mbele, maana unywele mmoja ukigusa uti umeshafunga njia. Kisha ondoa povu na karatasi milimita 8 kutoka mwisho, uti ubaki uchi. Usiukwaruze kwa wembe: kama ni chuma kilichovikwa shaba, ukitoa shaba umetoa njia yenyewe ya mawimbi. Karatasi iliyobaki juu ya povu iendelee kulala palepale. Ikichanika, kata uanze upya.

Sukuma konekta kwa kuizungusha kidogo mpaka povu jeupe lilingane na sakafu ya ndani. Chungulia mdomoni: unapaswa kuona duara jeupe safi lililofika usawa wa chuma, uti umesimama katikati, umetokeza milimita 1 hadi 3 nje ya mdomo. Ukizidi, upunguze, mrefu mno unaharibu tundu la king'amuzi, mfupi mno unagusa leo na kesho haugusi. Ukiona povu limeishia chini ya sakafu, konekta haijafika.

Kwa hapa pwani tunapendekeza konekta za kushindilia kwa koleo lake maalumu, kwa sababu zinabana waya pande zote sawa na kuzuia maji. Za kuskrua kwa mkono zinafaa ndani ya nyumba, ikiwa ni saizi ya waya wako. Ikiingia bila ubishi, si saizi yake. Wanaobana kwa koleo la kawaida wanaifanya konekta kuwa bapa, na pembeni zinabaki nafasi mbili ambazo wavu haugusi kitu.

Kaza kwa vidole mpaka igote, halafu robo ya mzunguko kwa spana namba 11. Tunasisitiza spana kwa sababu konekta iliyolegea ndiyo mvujo rahisi kuliko yote kuutengeneza na ndiyo inayosahaulika zaidi: imefungwa, picha ipo, lakini kifuu kinagusa kwa bahati, na feni ikitikisa kabati inaachia. Ya nje iviringishie utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, ukiuvuta mpaka upungue upana kwa nusu, kuanzia kwenye waya kwenda juu ili mikunjo ipishane kama makuti ya paa. Solotepu ya umeme peke yake huachia kwa joto la bati. Kabla waya haujaingia ndani, uache ushuke chini ya tundu kisha upande tena, maji yadondokee nje. Pembeni usiukunje kwa nguvu. Mzingo usiwe na nusu kipenyo chini ya sentimita 7, na misumari ya kushikilia isiubonyeze mpaka ukawa yai.

Penye kuunganisha nyaya mbili, tia konekta kila upande na kiungo cha chuma chenye skrubu mbili katikati. Kwenye antena yenyewe, fungua kile kikasha. Kuna kibao kidogo chenye transfoma, na wengine wakikuta kimeoza wanakitupa na kufunga uti upande huu, wavu upande ule. Picha inaweza kushika, ila sasa uso wa nje wa wavu, kuanzia paa hadi sebuleni, umekuwa sehemu ya antena na unachukua kila kelele ya nyumba. Nunua kibao kingine. Kinauzwa peke yake.

Splita, kile kifaa cha kugawa waya mmoja kwa runinga kadhaa: tumia yenye kasha la chuma na midomo ya skrubu. Mdomo usiotumika uzibwe kwa kizibo cha omu 75. Mdomo mtupu unavuja na unarudisha mawimbi kwenye runinga nyingine. Wenye gesti, hapo ndipo pa kuanzia: chumba kilichoondolewa runinga, waya ukaning'inia ukutani uti ukiwa nje, ni antena ya kurushia iliyounganishwa na busta yenu.

Busta nayo ina hesabu yake. RG6 nzuri hupoteza desibeli 18 hivi kwa mita 100 kwenye megahezi 700, kwa hiyo mita 20 ni karibu desibeli 4. Splita ya njia mbili inakula 4, ya njia nne inakula 8. Nyumba yenye mita 20 na splita ya njia nne imepoteza 12. Busta ya desibeli 15, iliyofungwa juu karibu na antena, inamaliza kazi. Ya 36 haikupi picha nzuri zaidi ya hiyo. Inalewesha king'amuzi na kujisogeza karibu na kulia. Ikifungwa chini, nyuma ya runinga, inakuza pamoja na kelele zote zilizokwisha kuingia njiani, na runinga moja yenye waya mfupi haihitaji yoyote.

Kupima kunawezekana bila mashine. Fungua kwenye king'amuzi ukurasa wenye mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, shida si uhafifu, ni uchafu, busta haitausafisha. Mtu mmoja akae akitazama mstari wa ubora. Mwingine achukue simu ya kitochi, apige namba, na simu ikiwa inaita aipitishe polepole kando ya waya, sentimita tano kutoka kwake: nyuma ya king'amuzi, kwenye kila kiungo, dirishani, mpaka chini ya paa. Pale ubora unapoanguka ghafla, weka alama ya chaki. Rudia mara tatu, kwa kuwa simu hupunguza nguvu ikiwa karibu na mnara. Kisha chomoa busta umeme uone: chaneli zikirudi, au redio ya jirani iliyokuwa ikikwaruza ikitulia, busta ilikuwa inalia. Mkishatengeneza yote hayo na kelele bado inakuja kutoka nje ya nyumba yenu, hapo ni suala la kupeleka TCRA, wenye mamlaka ya masafa nchini.

Kwenye meza ya mbele kuna wembe, konekta, spana na koleo la kushindilia. Tuliwaomba mje na vipande vya waya mlivyotoa majumbani. Vileteni sasa, hasa vile vyenye solotepu. Tuanze kwa kuvimenya tuone rangi ya kilichomo.